Jicho Lilijua Umri wa Asifiwe

Mimi ni mshonaji wa nguo. Cherehani yangu iko sokoni Kalimabenge, mjini Uvira, chini ya bati, kati ya mama anayeuza ndagala, yaani dagaa, na fundi wa simu asiyenyamaza. Nilizaliwa Makobola, nikaolewa Uvira, na tangu nikiwa msichana kazi yangu imekuwa kupima watu: bega, kifua, kiuno, urefu. Wenzangu sokoni hunitania kwamba nikikusalimia tu, tayari nimeshajua kiuno chako. Si uongo. Nasema haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya kosa nitakalowaeleza. Nilijua vizuri kabisa kipimo ni nini.

Kuna wamama wanaoleta kitambaa cha nguo ya mtoto bila kumleta mtoto. Unamwuliza, "Ana miaka mingapi?" Anakuambia mitatu, kwa sababu anataka kitambaa kitoshe. Nguo inashonwa, kumbe mtoto ana miaka mitano, mikono inaishia kwenye viwiko, halafu mama anarudi kugomba. Mimi nilikuwa nawacheka sana hao. Niliwaambia nguo haiogopi mtu, itakusuta mbele ya watu kanisani.

Asifiwe ni mtoto wangu wa tatu. Alizaliwa salama, mnene, mwenye nywele nyingi. Baba yake ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, na mama mkwe wangu tunaishi naye nyumba moja. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida. Asubuhi nilimbeba mgongoni hadi sokoni, nikamlaza kwenye beseni la vipande vya vitenge, nikakanyaga cherehani.

Alipokuwa na miezi mitano hivi, nilikuwa namnyonyesha pale pale sokoni, mchana, jua likimpiga usoni. Nikaona kitu cheupe katikati ya jicho lake la kushoto, ndani ya ile sehemu nyeusi. Kilikuwa kidogo kama punje ya wali. Nililowesha ncha ya kitenge kwa mate nikapangusa. Hakikutoka. Nikapangusa tena, mtoto akalia, nikaacha. Siku zilizofuata niligundua kwamba hanitazami usoni. Nikinyamaza, alitazama popote. Nikisema, aligeuza sikio, siyo macho. Kabla ya miezi miwili kupita na jicho la kulia likawa na weupe wake.

Nilimwonyesha mama mkwe. Alimgeuza mtoto mlangoni penye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu.

"Iyo ni uchafu ya kuzaliwa," alisema. "Umukamulie maziwa mu macho. Siye bote tuliponyesha batoto vile."

Nikakamua. Asubuhi na mchana nilimlaza mapajani, nikamfungua kope kwa vidole viwili, nikamdondoshea maziwa yangu mwenyewe machoni. Yaliganda kwenye kope, yakanuka, nzi wakamfuata. Weupe haukupungua hata kidogo. Baada ya hapo tukampeleka kwenye chumba cha maombi, tukakaa huko majuma mengi. Sisemi kwamba maombi ni mabaya, mimi mwenyewe nasali hadi leo. Nasema sisi tuliyatumia maombi kama kiti, tukakalia, tukastarehe.

Lakini sitamtupia mama mkwe lawama zote, wala wale waombaji. Mume wangu alisema mapema, "Mama Asifiwe, tumupeleke huyu mutoto ku hospitali." Mimi ndiye niliyesema tungoje. Ulikuwa msimu wa uniformu za shule, nguo za bluu na nyeupe zimejaa hadi juu ya meza, na nilisema msimu ukiisha tutaenda. Msimu ukaisha, mtoto akashikwa na malaria, tukasahau mengine. Ukaja msimu wa pili. Nikasema tena tungoje. Mnaona jinsi mama anavyoweza kumpenda mtoto na bado akamwahirisha kama gauni la mteja asiyesumbua.

Macho ya Asifiwe yakaanza kutetemeka. Yalikuwa yanaenda huku na huku bila kutulia, hata akiwa ametulia yeye. Akawa na tabia ya kujibonyeza macho kwa vidole gumba, anabonyeza kwa nguvu. Alichelewa kutembea. Alipoanza, alitembea amenyoosha mikono, na kila siku paji la uso lilikuwa na jeraha jipya juu ya kovu la zamani. Alikuwa mwembamba na mfupi, lakini mdomo wake ulikuwa mkali. Alijua majina ya wauzaji wote wa soko kwa sauti zao.

Siku moja mchana alitembea moja kwa moja hadi kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa juu, makaa yanawaka. Aliweka kiganja juu ya makaa ili ajishikilie asianguke. Nilisikia kwanza ile sauti ya ngozi, kisha kilio. Ngozi ya kiganja ilitoka ikiwa nyeupe. Nilikimbia naye hadi zahanati bila viatu.

Muuguzi, mama mmoja mtaratibu, alimsafisha mkono akaufunga. Kisha akawasha tochi akammulika machoni. Asifiwe hakupepesa.

"Mama, huyu mutoto haonake," alisema.

"Anaonaka kidogo," nilijibu.

"Tangu lini iko vile?"

Nilianza kumfunga mtoto mgongoni. Akaniambia ugonjwa huo unaitwa katarakti, na kwa Kiswahili cha vitabu ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho imekuwa na ukungu, mwanga haupiti. Akasema maziwa hayafiki huko, hata yangekuwa ya ndoo nzima. Aliniandikia karatasi ya kwenda ng'ambo, Bujumbura, penye daktari wa macho ya watoto. "Na ubebe fishi yake ya kilo," akasema. Fishi ni kile kikaratasi cha mtoto cha zahanati, kinachoandikwa siku ya kuzaliwa, uzito na chanjo. Yangu ilikuwa safi. Naitunza pamoja na sindano zangu na metre yangu ya kupimia, ndani ya nailoni.

Basi tukaenda. Mume wangu alitupeleka kwa pikipiki hadi bariera ya Kavimvira, mpakani, akashika kichwa cha mtoto, akageuza pikipiki. Tulivuka kwa miguu, mimi na Asifiwe mgongoni, ananiuliza kila harufu ni ya nini.

Hospitalini kulikuwa na benchi refu. Mbele yangu aliketi mama mmoja kutoka bonde la Ruzizi, mkulima, na binti yake wa miaka saba hivi, macho meupe yote mawili. Alipoitwa, mlango ulibaki wazi kidogo. Nilimsikia mwandikaji wa wagonjwa akimuuliza kwa ukali, "Miaka saba yote hiyo ulikuwa wapi, mama? Unajua umechelewa?" Sauti ya yule mama haikusikika. Alitoka analia, kitenge mdomoni. Nikamshika mkono nikamuuliza wamesema nini.

"Banasema tumechelewa," alijibu, akapita.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mtoto mkubwa wanamrudisha. Asifiwe alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Nilimtazama: alikuwa mdogo wa mwili, anabebeka. Nilisema moyoni, huyu anaweza kuwa na umri wowote nitakaompa.

"Mutoto iko na myaka ngapi?" mwandikaji aliuliza.

"Hajafikisha miwili," nilisema.

"Fishi iko wapi?"

"Maji ya mto yalibeba."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nataka mlione vizuri. Kila mtu huku anajua mito yetu ya Uvira ilivyoshuka na mawe ikabeba nyumba za watu, vitanda, karatasi, na watu wenyewe. Ukisema maji yamebeba, hakuna anayekuuliza swali la pili. Anakuhurumia. Mwandikaji naye alipunguza sauti, akasema pole. Nyumba yangu haikuguswa hata na tone. Niliazima msiba wa majirani zangu ili nifunike uvivu wangu, na fishi ilikuwa ndani ya mfuko, inanigusa kwenye mbavu.

Muuguzi aliyemshika Asifiwe alishangaa. "Huyu hajafikisha miwili? Anaongea kama wakili."

"Ukoo wa baba yake wote ni wasemaji," nikasema. Nikamfinya mtoto kidogo mguuni anyamaze. Kwa lile finyo bado naomba msamaha.

Daktari alikuwa mwanamke, mrefu, mwenye mikono mikavu. Alitukalisha siku moja kabla ya upasuaji akanieleza kila kitu, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Mama, kwanza nitampima jicho. Mtu mzima anakaa kwenye mashine akatulia. Mtoto hatulii, kwa hiyo tutamlaza kwa dawa ya usingizi, ndipo nipime. Napima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na mviringo wa kile kioo cha mbele. Naweka kikalamu kidogo juu ya jicho, kinatuma sauti ambayo wewe husikii, inarudi na urefu. Nikikosea milimita moja, nitamwekea lenzi isiyo yake."

Milimita moja! Mimi nikikosea sentimita nzima kwenye kiuno, napitisha uzi, hakuna anayejua.

"Halafu kuna jambo lingine," aliendelea. "Jicho la mtoto linakua. Nikimwekea lenzi inayomtosha leo, baada ya miaka michache haitamfaa. Kwa hiyo namwekea lenzi pungufu kwa makusudi, ya jicho litakalokuwa, na kile kinachopungua leo tunakimalizia kwa miwani. Mtoto mdogo sana namwachia pengo kubwa. Aliyekua kidogo, pengo dogo. Unanielewa?"

Nilimwelewa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye kile kiti. Nguo ya mtoto hatuishoni kwa mwili wa leo. Tunakunja upindo mrefu kwa ndani, na kila mwaka tunaufungua kidogo. Upindo wa mtoto wa mwaka mmoja si upindo wa mtoto wa miaka minne. Na unaupimaje? Kwa umri.

"Ndiyo maana nakuuliza tena," alisema. "Umri wake ni huo kweli?"

Mdomo wangu ulifunguka. Akilini nikamwona yule mama wa bonde na kitenge chake mdomoni. "Hajafikisha miwili, dokta."

Siku iliyofuata Asifiwe hakuruhusiwa kula. Alilia njaa tangu alfajiri, akataja chakula kimoja kimoja kwa jina: chai, mkate, ndizi, ndagala. Nilimbeba nikizunguka uani. Walimchukua mikononi mwangu asubuhi, saa tatu hivi. Niliruhusiwa kufika hadi kwenye mlango wa mbao wenye rangi ya kijani. Alikuwa ananiita wanapomwingiza. Kisha sauti yake ikapungua, ikakatika katikati ya neno, nikajua dawa imemshika.

Niliketi kwenye sakafu kando ya mlango. Sijawahi kuwa bure vile maishani. Mikono yangu imezoea kufanya kitu, na pale haikuwa na kitu. Mtoto wangu yuko ndani, macho yamefunguliwa na chuma, amelala hata hawezi kuniita, na mimi siwezi hata kumpangusa makamasi. Nilijaribu kusali. Kila nilipofika "Baba yetu" niliona ile fishi.

Baada ya muda mlango ulifunguka. Daktari alitoka amevaa kofia ya kijani, mikono ameiinua mbele ya kifua.

"Mama," alisema, "nimempima mara tatu jicho la kulia na mara tatu la kushoto. Yote mawili ni marefu kuliko ninavyotegemea kwa umri huo. Inaweza kutokea, macho yanatofautiana. Lakini nataka nikusikie mara ya mwisho. Hajafikisha miwili?"

Niliitikia kwa kichwa. Petro alikana mara tatu na mimi nilikana mara tatu, alikosekana jogoo tu.

Akanitazama. "Sawa. Basi nitafuata neno lako, maana wewe ndiye uliyemzaa," akasema, akarudi ndani.

Mlango ulifungwa. Afadhali angenigombeza. Alikuwa na kipimo mkononi, kipimo cha kweli, na alikuwa anakwenda kukiweka kando kwa ajili ya neno langu. Nikawakumbuka wale wamama wangu wa sokoni na nguo zao za kubana. Nguo inafumuliwa. Jicho nitalifumuaje?

Nikagonga mlango. Kimya. Nikagonga tena kwa kiganja. Mlinzi alikuja mbio kutoka ukumbini.

"Mama, acha! Kule ndani banapasua!"

"Niko na neno ya kuambia dokta."

"Utamuambia akitoka."

"Akitoka haitasaidia tena! Umuite, nakuomba, papa yangu, umuite."

"Minye siruhusiwe kuingiya mule. Weye ikala."

Alikuwa na haki. Nilipiga magoti, nikamwaga mfuko wangu sakafuni: sindano, metre, nyuzi. Nikafungua nailoni, nikatoa fishi. Nikaiweka chini ya ule mlango wa kijani na kuisukuma. Mlango ulikuwa karibu sana na sakafu, fishi ikaingia nusu, ikakwama. Nusu iko ndani, nusu iko nje, na upande wa nje ndio ulioandikwa jina la Asifiwe. Nikapiga mbao kwa vidole, polepole, tok tok tok, kama mtu anayeomba maji. Mlinzi aliacha kunikemea. Alisimama tu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa nimelaza shavu sakafuni, simenti baridi, natazama kile kipande cha karatasi. Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi nyuma. Nilisema kwa sauti, "Mungu wangu, mutu mumoja tu aangaliye chini."

Karatasi ikasogea. Kwanza kidogo, nikadhani ni upepo. Kisha mtu aliivuta na ikaingia yote.

Daktari alitoka baada ya muda mrefu. Fishi ilikuwa mfukoni mwake, imekunjamana upande mmoja. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia. Mimi nilibaki chini.

"Ulikuwa umeificha wapi?" aliuliza.

"Pamoja na sindano."

"Maji hayakubeba?"

"Hayakubeba."

Alinirudishia fishi. Kisha akasema kwamba lenzi ya kwanza alikuwa ameshaichagua, iko mezani ndani ya kiboksi chake, na aliirudisha akachukua nyingine. Jicho la kulia limekwenda vizuri, ana matumaini. La kushoto atalifanya baada ya siku chache. "Lakini sikudanganyi, mama. La kushoto lilianza mapema, limekaa gizani sana. Jicho lisilofanya kazi utotoni, ubongo unalisahau. Nitaweka lenzi nzuri, lakini siwezi kurudisha miaka."

"Niliogopa mtamrudisha," nikasema. "Yule mama wa bonde, mlimrudisha na binti yake."

"Nani alikuambia tulimrudisha? Tulimwambia macho ya binti yake hayatapona yote. Anapasuliwa Alhamisi."

Nililia pale mpaka nikaishiwa. Sikulia kwa furaha, nilijililia mwenyewe.

Asubuhi ya pili walimfungua Asifiwe bandeji ya jicho la kulia. Kope zilikuwa zimevimba, na machozi mazito ya rangi ya chai yalikuwa yameganda kwenye kona. Muuguzi alisafisha, akamwambia afungue. Akafungua. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, uso kwa uso, nimejiandaa kwa siku ile kama bibi harusi.

Mtoto aliniona, akaogopa. Alifumba jicho haraka, akanyoosha mikono hewani.

"Mama iko wapi?" akalia. "Minye nataka mama!"

Hakunijua. Alikuwa ananijua kwa sauti na kwa harufu ya mafuta ya cherehani, uso wangu ulikuwa wa mtu mgeni. Miaka mitatu na miezi minne, na mtoto wangu hajawahi kuniona. Mpaka muuguzi aliponisukuma bega ndipo nikasema, "Asifiwe, ni minye." Akapapasa uso wangu kwa kile kiganja chenye kovu, pua, mdomo, mashavu. Kisha akafungua jicho taratibu, huku mkono bado uko juu yangu, akilinganisha.

"Mama iko na meno mingi," akasema.

Wagonjwa wote chumbani walicheka. Na mimi nilicheka, huku kamasi zinanitoka.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Jicho la kushoto lilipasuliwa, likawekewa lenzi yake, nalo linaona vidole vya mkono nikivileta karibu. Zaidi ya hapo halijaenda. Kwa miezi mingi nilimfunika jicho la kulia kwa kitambaa saa mbili kila siku ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Alinililia, alinipiga, aliniita mama mubaya, na mama mkwe alitoka nje kwa sababu hakuweza kusikiliza. Huyu mama mkwe, nimtendee haki, ndiye aliyemshonea mwanasesere wa vitambaa vyekundu na vyeupe ili apate kitu cha kukitazama. Hajasema tena habari ya maziwa.

Kisha vita vilikaribia, bariera ikafungwa, na tarehe yetu ya kurudi kupimwa ikapita. Miwani ilimbana masikioni, kioo kimoja kikapata ufa. Niliishonea mpira nyuma ya kichwa, basi. Nilikuwa nasimama sokoni naangalia milima ya Burundi ng'ambo, karibu hivi, nikijua jicho linaendelea kukua na haliombi ruhusa kwa mwanajeshi yeyote. Sikuwa na la kufanya. Tulipoweza kuvuka tena, daktari alimpima upya, akanipa miwani myembamba kuliko ya kwanza. Alisema jicho la kulia linaijaza lenzi yake kama alivyokadiria. Nikamwambia, "Dokta, ni upindo unafunguka." Akacheka, akasema atalitumia neno hilo kwa wamama wengine.

Sasa Asifiwe yuko mwaka wa kwanza wa shule. Anaketi benchi la mbele, miwani yake imefungwa kwa mpira, anasoma ubaoni kwa jicho moja. Mwalimu analalamika kwamba anaongea sana. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama wa zahanati na tochi yake, namshukuru daktari, na namshukuru mtu ambaye sijawahi kumjua, yule aliyetazama chini akaiona fishi.

Kwenu wazazi nasema hivi. Ukiona weupe katikati ya jicho la mtoto, au macho yanayotetemeka, au mtoto anayegeuza sikio badala ya uso, mpeleke siku hiyo hiyo. Cherehani itangoja. Usimtie kitu machoni, hata maziwa yako. Na ukiulizwa umri wake, sema ule wa kweli, hata kama unakuaibisha. Wewe umekuja kupimiwa mtoto, aibu yako haina lenzi.

Yule muuguzi wa zahanati huniita akipata mzazi mwenye mtoto kama wangu. Mwezi uliopita aliniita. Nilimkuta mama mmoja ameshuka kutoka Mulenge, viatu vina matope mekundu, mtoto mgongoni amefunikwa shuka hadi kichwani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, tayari kukimbia.

"Mutoto iko na muda gani?" nilimuuliza.

"Mwaka moja," alisema upesi.

Nilitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa inaning'inia chini ya kiuno cha mama yake, na mnajua kazi yangu. Sikumwambia kitu. Nilitoa fishi ya Asifiwe, ile iliyokunjamana upande mmoja, nikaiweka mapajani mwake, nikamweleza nilichosema mara tatu na mahali karatasi ilipokwama. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Dada yangu, hapa hakuna muntu atakufukuza. Na minye nilichelewa kama weye."

Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya lile kunjo.

"Minne," alisema. "Iko na myaka minne."

Nikambebea mfuko, tukaingia ndani.